Siku Baba Alipopeleka Bunduki Mbili kwa Mjomba

Mafuta ya cherehani yana harufu ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyeijua. Si kali kama mafuta ya taa, wala si nzito kama mafuta ya alizeti yaliyokaa siku nyingi. Kwa wengi wa rika langu ni harufu ya mama aliyeketi karibu na dirisha akishona sare za shule. Kwangu mimi ni harufu ya bunduki. Nikipita sokoni hapa Makambako, fundi akainamisha kichupa chake juu ya cherehani, nasimama kidogo nikijifanya natafuta kitu kwenye kikapu.

Mwezi uliopita binamu yangu Neema, binti wa mwisho wa Mjomba, alipanda basi kutoka Ludewa alikoolewa, akaja kunitazama. Tulikuwa tumemzika Mjomba wiki chache kabla, akiwa ameshiba siku zake, na mimi kwa sababu ya magoti haya sikuweza kukaa matanga hadi mwisho. Neema alikunywa maji, akapumzika, halafu akatoa kwenye mkoba kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake kulikuwa na pamba iliyogeuka rangi ya chai, na ndani ya pamba punje moja ya marisau, zile risasi za chembechembe, ndogo kuliko njegere kavu. Alisema baba yake alikuwa ameificha kwenye sanduku miaka yote, na kabla hajafa alimwagiza: "Mpe mtoto wa dada yangu. Yeye atajua pa kuiweka."

Sikujua. Lakini nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku langu mimi, nikatoa kichupa cha mafuta ya cherehani cha marehemu mama, ambacho hakina mafuta tena. Kina marisau. Nilipokifungua harufu ikatoka, hafifu lakini ileile, na mimi niliyefundisha watoto wa kipaimara kwa miaka mingi nikawa tena mtoto wa darasa la pili asiyeelewa jambo hata moja.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia ya kutoka Njombe kuja huku, mahali ambapo asubuhi za baridi ukungu hulala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Juu tulilima mahindi na viazi. Chini bondeni, kwenye udongo unaobaki na maji hata kiangazi, kila familia ilikuwa na vinyungu vyake, vile vijishamba vya njegere na maharage ambavyo vilitulisha wakati ghala limeanza kuonyesha sakafu. Na kando ya vinyungu kulikuwa na vichaka, na ndani ya vichaka kulikuwa na pongo. Wasiomjua pongo wamfikirie swala mwenye madoa meupe ubavuni, mwoga, mwenye akili, asiyependa kwenda kundi. Anasimama kichakani hatua ishirini kutoka ulipo na humwoni. Ukiondoka, anatoka na kula machipukizi ya njegere mstari mzima, kwa mpangilio, kama mtu anayepalilia.

Mjomba, kaka yake mama, aliishi Mdandu, nami nilimwona kwenye misiba tu, na alikuwa na jicho moja. Lile jingine lilikuwa limefumba, ngozi imeingia ndani kidogo kama kitovu. Hakuna aliyekuwa ameniambia limekuwaje, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata jibu langu mwenyewe. Nilikuwa nimewaona wanaume wakilenga. Kila anayelenga hufumba jicho moja. Basi nikaona kwamba Mjomba alikuwa mwindaji mkubwa kuliko wote, ambaye jicho lake moja lilizoea kufumba hadi likabaki hivyohivyo. Nilijivunia jambo hili shuleni. Niliwaambia wenzangu kwamba mjomba wangu yuko tayari muda wote.

Jambo la pili nililolijua vibaya lilimhusu Baba. Baba alikuwa mtu wa kanisa tangu ujana wake, aliyeacha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kila kileo, na aliyesali kabla ya kula hata kiazi kimoja cha kuchoma. Lakini mchungaji alipofika mtaani kwetu kwa ajili ya Chakula cha Bwana, watu wakitoka benchi moja moja kwenda kupiga magoti madhabahuni, Baba alibaki amekaa. Mama alikwenda. Baba alibaki na kofia yake magotini, akitazama sakafu. Mimi nilielewa vizuri sana kwa nini: kwenye kikombe kulikuwa na divai, na Baba alikuwa ameapa. Nilimwona kuwa mtakatifu kuliko waumini wote waliokwenda mbele.

Ukweli niliambiwa nikiwa msichana mkubwa, lakini nitawapa sasa ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, wanaume wa ukoo walifanya msako bondeni. Desturi ilikuwa hivi: vijana na mbwa wanaingia kichakani upande mmoja wakipiga kelele, na wenye bunduki wanasimama upande wa pili kungoja mnyama atoke. Siku hiyo wenye bunduki walikuwa wawili, Baba na kaka yake, Baba Mkubwa, kila mmoja na bunduki ya marisau. Mjomba alikuwa miongoni mwa wanaofurusha. Pongo alitoka katikati, ndugu wawili wakafyatua kwa pamoja, na nyuma ya pongo, kwenye majani, alikuwepo Mjomba. Punje moja ilimwingia jichoni. Hospitali ya misheni walitoa punje na jicho pamoja.

Punje ilikuwa ya nani, hakuna aliyejua. Ndiyo tabia ya marisau. Yanatoka mengi kwa mkupuo, yanatawanyika, na yakifika hayana jina. Baba Mkubwa alisema ni bahati mbaya, akaendelea kuwinda. Baba aliirudisha bunduki yake bomani Njombe wiki ileile, akabakiwa na marisau yake tu, na hakushika nyingine. Mjomba alisema hana neno na mtu. Lakini tangu siku hiyo hakuja kwetu, na Baba hakwenda kwake, na mama alikwenda peke yake na kurudi peke yake, akibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, mtu mwenye neno na ndugu yake hasogei Mezani kwanza. Hakuna aliyemtenga Baba. Alijitenga mwenyewe.

Kisha Baba Mkubwa akafariki. Aliacha bunduki mbili: ile ya marisau, na nyingine ndefu ya risasi moja moja, aliyoinunua baadaye. Hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, hivyo zikaja kwa Baba, zimefungwa kwenye blanketi, pamoja na mfuko wa marisau. Kutoka bomani likaja neno kwamba kibali ni cha bunduki moja, kwa ajili ya kulinda mazao. Achague, nyingine airudishe, kabla mwezi haujaisha.

Majirani walifurahi kuliko sisi. Tangu Baba Mkubwa augue, pongo walikuwa wamezoea, na njegere za vinyungu zilikuwa zinachipua. Kila jioni walikuja wanaume kibarazani kwetu, wakanywa chai ya mama na kutoa ushauri ambao Baba hakuuomba. Mmoja alisema pongo ni mnyama wa kichakani, anatoka ghafla, karibu, mbio, huna muda wa kutafuta bega lake. Mpige kwa marisau, hata ukikosea kidogo utampata. Mwingine alisema ndiyo, utampata, mguuni, na atakwenda kufia huko usikokujua, aliwe na fisi, nawe ubaki na dhambi ya mnyama na hasara ya nyama. Chukua ndefu, alisema, kaa upande huu wa bonde asubuhi na mapema, umwone anakula upande ule, umpige mara moja alale. Wa kwanza akauliza: na ukungu wa kwetu huu, utamwona kwa miwani ya nani? Walibishana hivyo siku nne. Baba alisikiliza, akaitikia kila mmoja kwa adabu, na walipoondoka aliomba kichupa cha mama, akazipaka mafuta zote mbili kwa manyoya ya kuku, polepole, kana kwamba zinaumwa.

Nilimwona akiinua ile ndefu mara nyingi zaidi. Aliitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka, akaichukua tena. Usiku mmoja wakati wa kula alimwambia mama kwamba anaelekea kuchukua hiyo, ila anataka kujua yeye anaonaje. Mama aliendelea kunipakulia mboga.

"Usiniulize mimi," alisema. "Kamuulize aliyeumia."

Mimi nilielewa, kwa namna yangu. Baba ana bunduki mbili, hajui ipi nzuri, na mwindaji mkubwa wa ukoo ni Mjomba mwenye jicho lililofumba tayari. Nilishangaa tu kwamba walichukua siku nyingi kulifikiri jambo jepesi namna hiyo.

Jumamosi Baba alinichukua niende naye Mdandu. Nilidhani ni kwa sababu napenda kutembea. Kumbe kwetu mtu mwenye neno na shemeji yake haendi mikono mitupu wala peke yake. Huenda na mtoto aliyezaliwa na dada wa yule anayeendewa, maana mtoto huyo ni wa pande zote mbili, na mbele yake watu hawawezi kusema maneno yasiyorudi. Nilibeba kikapu cha viazi. Baba alibeba blanketi begani, bunduki zote mbili ndani yake, na njia nzima hakuzungumza, isipokuwa mara moja aliponiuliza kama nina baridi.

Mjomba alikuwa uani akitengeneza mpini wa jembe. Alituona mbali, nadhani, kwa sababu tulipofika alikuwa ameshasimama. Baba akasema kamwene, Mjomba akaitika, wakaulizana habari za watoto, za mvua na za mahindi, wakarudia zilezile. Nikamwamkia shikamoo, akanishika kichwa. Kisha Baba akalilaza blanketi chini na kulifungua.

Mjomba alizitazama, moja baada ya nyingine.

"Shemeji," alisema, "umekuja na bunduki mbili. Jicho limebaki moja."

Mke wa mjomba, aliyekuwa analeta chai, aliganda mlangoni na birika mkononi. Mimi niliona Mjomba amesema jambo la maana kabisa, kwamba mtu mwenye jicho moja anatosheka na bunduki moja, nikaona pia ni zamu yangu kusaidia, kwa kuwa wakubwa walionekana wamekwama.

"Mjomba," nikasema, "si ujaribu wewe? Wewe jicho lako limeshafumba."

Kuku walikuwa wanakwaruza chini ya ghala na nilisikia kila kucha. Halafu Mjomba akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichoanzia mbali kikaja kikimjaa, hadi akashika mti wa ghala asianguke, na machozi yakamtoka pande zote mbili, hata upande ule usio na jicho. Sikujua kwamba jicho lisilokuwepo linaweza kutoa machozi. Hilo peke yake lilinishughulisha kwa siku nyingi.

"Shemeji, umesikia?" alisema alipopata pumzi. "Miaka mitatu natafuta faida yake, mtoto ameiona kwa dakika moja."

Baba hakucheka. Lakini alikaa, akapokea chai, akaeleza alichokuja kueleza. Alisema boma linamtaka achague. Alisema majirani wanasema hivi na wale wanasema vile. Kisha akasema lile ambalo hakuwaambia wale wa kibarazani, na alilisema akitazama kikombe.

"Nataka ile ya risasi moja. Risasi moja ina mwenyewe. Ikimpata mtu, anajulikana nani aliyepiga."

Mjomba aliweka kikombe chini. Aliinuka, akachukua ungo uliochakaa, akaenda kuutundika kwenye kigingi mbele ya tuta kubwa la udongo mwisho wa shamba, hatua arobaini hivi. Nyuma ya tuta lile, juu, palianza mashina ya mianzi ya jirani. Aliporudi alimwambia Baba ajaribu zote mbili. Mke wa mjomba alinivuta ndani, lakini mlango ulikuwa na nafasi ya kutosha jicho moja, nami nikafumba la pili.

Baba alianza na marisau. Mlio ulijaza ua wote. Mjomba alikwenda akauleta ungo, akauinua juani: vitundu vilikuwa vimetapakaa kila mahali, vingine ukingoni, na tuta la udongo lilikuwa limetobolewa hata pembeni kabisa, pasipolengwa. Hapo nilimwona Baba anageuza uso. Mjomba akaurudisha ungo kigingini. Sasa Baba akainua ile ndefu. Alikuwa amekaa miaka mitatu bila kufyatua bunduki, na hiyo hakuwahi kuifyatua kabisa. Mlio wake ulikuwa tofauti, mkavu, wa kukata. Mjomba akaleta ungo. Tundu jipya lilikuwa moja tu, juu, karibu na ukingo, safi kama limetobolewa kwa msumari wa moto. Baba akalipitishia kidole. Alionekana kama mtu aliyethibitishiwa.

Ndipo tukasikia mtu anapiga kelele kutoka kwenye mianzi.

Ulikuwa mwisho wa msimu wa ulanzi, na jirani wa Mjomba, mzee mmoja mwembamba mwenye koti la mvua, alikuwa amekwenda kugema. Alishuka akiwa amebeba mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga ulanzi unapodondoka, na ulanzi ulikuwa unamwagika kwa matundu mawili, moja la kuingia na moja la kutokea. Risasi ilikuwa imepita kwenye ungo, ikapita juu ya tuta, ikapanda kati ya mianzi hadi pale tulipodhani hakuna mtu. Mzee alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Alisema hivyo mara tatu, kwamba alikuwa ameinama kufunga kamba, na mara ya tatu sauti yake ikawa ndogo.

Alipomtambua Baba, akapata tena nguvu.

"Hata mlokole akiamua kuja kwenye ulanzi," alisema, "aje na kikombe. Asije na bunduki."

Mjomba alimkalisha, akampa chai yenye sukari nyingi, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Baba alikuwa ameketi chini udongoni, bunduki imelala kando yake, mikono imening'inia. Mimi ndani ya nyumba nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Kwa hesabu zangu, Baba aliyeapa kuacha ulanzi alikuwa amelenga ulanzi makusudi, kwa ajili ya Mungu, na akaupata kutoka mbali namna ile. Sikuelewa kwa nini hakuna aliyempongeza.

Mzee alipoondoka na mbeta yake, Mjomba alichuchumaa mbele ya Baba.

"Unataka ijulikane nani aliyepiga," alisema. "Mimi nataka kuwa hai, shemeji. Marisau yalinichukua jicho. Risasi ingenichukua mimi, na dada yangu angekuwa na mume anayejulikana kuwa ndiye, na kaka aliye kaburini. Ingekusaidia nini hiyo?"

Baba alisema kwa sauti ya chini kwamba hajui kama ni yeye.

"Hujui. Nami sijakuuliza," alisema Mjomba. "Rudisha ndefu bomani. Chukua hiyo ya marisau. Lakini msako wa kuzungushana watu kichakani umekwisha. Utakaa mahali pamoja, nami nitakaa nawe, ukae upande wangu huu usioona. Na kabla hujafyatua, utaniambia kwa mdomo unachokiona, na kilichoko nyuma yake."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ile ndefu ilirudi Njombe, na majirani waliotaka ndefu wakanuna, na waliotaka marisau wakadhani wameshinda kwa hoja zao. Mjomba alianza kuja kwetu kila wiki wakati wa njegere. Alfajiri wazee wawili walishuka bondeni na kukaa kwenye kisiki, mmoja kwenye ubavu wa giza wa mwenzake, na mara moja moja niliruhusiwa kuwapelekea uji na kukaa nyuma yao. Pongo akitokea, Baba aliinua bunduki na kuanza kusema kwa mnong'ono, neno kwa neno, kama anasoma somo kanisani: "Naona pongo. Dume. Yuko peke yake. Nyuma yake udongo. Kushoto majani, sioni ndani." Mjomba akauliza, "Majani marefu?" Baba akasema, "Marefu." Mjomba akasema, "Basi ngoja." Na pongo, ambaye ana masikio makubwa kuliko ya watu wawili, alikuwa ameshaondoka. Sidhani kama waliua hata watatu mwaka ule. Lakini pongo waliacha kuja, labda kwa kuchoshwa na maelezo, na njegere zilikomaa. Mimi nilizoea kuamini kwamba ndivyo wanyama wanavyowindwa, kwa kuelezwa. Nilipokuwa mkubwa nikasikia watu wanawinda kimya, nilishangaa.

Mchungaji alifika mtaani kwetu baada ya mavuno ya njegere. Jumapili hiyo Mjomba alikuja kusali kwetu. Alitoka Mdandu kabla ya jua, peke yake, kwa miguu, akavuka mabonde na magogo yaliyowekwa kuwa madaraja, akafika ibada haijaanza, suruali ina umande hadi magotini. Akakaa benchi letu, na Baba akahamia ubavu wake usioona, kwa mazoea. Wakati wa kwenda Mezani watu wakaanza kutoka. Mama akasimama. Baba akashika kofia yake, akatazama sakafu.

Mjomba akasimama pia, akanyoosha mkono kwenye ubavu wake wa giza, alikokaa Baba.

"Shemeji, nishike," alisema. "Ngazi za hapa mimi sizioni."

Zilikuwa ngazi mbili, pana, zenye mwanga wa madirisha mawili. Baba alimtazama. Watu wa benchi la nyuma walikuwa wanangoja. Kisha Baba akaweka kofia yake mapajani mwangu, akamshika Mjomba mkono, akamwongoza taratibu hadi mbele, na kwa kuwa huwezi kumfikisha mtu madhabahuni ukamwacha amepiga magoti peke yake, naye akapiga magoti.

Nilimwona mchungaji anakuja na kikombe. Nilimwona Baba anainua uso. Nikaanza kulia kwa sauti kanisani, kwa kuwa Baba alikuwa amekaa miaka yote bila kuvunja kiapo, na sasa alikunywa mbele ya watu wote, tena kwa kushawishiwa na Mjomba. Mama alirudi akanifinya. Baba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikajua hakika kwamba amelewa. Ilichukua muda mrefu kunitoa wazo hilo, na hata leo nikishika kikombe kile huwa naonja kwanza aibu ile kidogo, ndipo naonja shukrani.

Nimemshukuru Mungu kwa mengi, na kwa wazee wale wawili kuliko mengi. Lakini sikuacha kujiuliza. Mjomba alikuwa na ile punje muda wote. Mfuko wa marisau wa Baba Mkubwa ulikuwepo, na yale ya Baba yalikuwepo, angetaka, angelinganisha. Kama ilikuwa ya Baba Mkubwa, kwa nini hakumpumzisha Baba? Kama ilikuwa ya Baba, alikaaje naye ubavu kwa ubavu, bunduki ikiwa upande asioona? Au hakulinganisha kamwe? Nilimuuliza Neema. Akasema baba yake hakuwahi kueleza.

Kwa hiyo nilileta sahani nyeupe. Nilitaka kutazama ukubwa tu. Nilimimina marisau ya kichupani, na hapo nikakumbuka kwamba Baba, bunduki moja ilipobaki, alikuwa ameyachanganya yote humo, ya kwake na ya kaka yake. Hata hivyo nilichukua ile ya Mjomba kwenye pamba kwa vidole viwili, nikaisogeza juu ya sahani karibu na zile nyingine, chini ya mwanga wa mlango. Vidole vyangu si vya zamani. Iliponyoka, ikagonga sahani, ikaviringika, ikaingia kati ya wenzake.

Tuliinama wote wawili. Neema alivaa miwani yangu, akavua, akanirudishia. Zilikuwa za rangi moja, nyeusi, nyingine ndogo kidogo na nyingine kubwa kidogo, na yoyote kati yake ingeweza kuwa yenyewe.

"Ni ipi?" aliuliza.

"Sijui," nikasema.

Nilingoja nijisikie vibaya, na sikujisikia vibaya. Nilikunja karatasi, nikazirudisha zote kichupani, polepole, nikakaza kizibo. Sijui kama hapo ndipo Mjomba alipotaka niiweke. Neema alikunja kiberiti kitupu, akakitia mfukoni, akaniambia nikae, chai atapika yeye.